Umepika chukuchuku yenye bizari, mdogo wangu

"Shikamoo mpishi. Nilifanya kazi miaka mitatu duka la vifaa vya ujenzi pale Kisutu, Dar, tajiri alikuwa Mhindi na mchana mke wake alikuwa anatuletea hotpoti ya mboga na vile vichapati vyao vyembamba. Mboga ilikuwa viazi, koliflawa na njegere, rangi ya manjano imekoza, mafuta kidogo juu, vimbegu vidogo vyeusi na kautamu fulani kwa mbali. Sasa nipo Mbeya, najipikia, nimejaribu mara nne nimeshindwa. Nakaanga kitunguu dakika tano, naweka nyanya nne, viazi, karoti, koliflawa na njegere vyote pamoja, bizari ya mchuzi ya paketi vijiko vitatu vya chakula, maji mpaka yafunike, mwisho mtindi kikombe kizima. Mchuzi unatoka mwepesi, unanukia bizari mbichi alafu una uchungu kwa nyuma, viazi vigumu huku koliflawa imekuwa uji, na mtindi unakatika mabonge mabonge. Nikizidisha pilipili ili ladha ije napata kiungulia usiku kucha, mpaka naogopa vidonda vya tumbo. Jirani ananiambia Wahindi wana kiungo cha siri hawamwambii mtu. Ni kweli? Nakosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Umeandika vizuri, watu wengi wananiuliza "mchuzi wangu hauna ladha" basi, hawasemi waliweka nini na kwa mpangilio gani, wewe umeniwekea kila kitu mezani kwaiyo naweza kukujibu sawasawa. Nianze na jirani yako. Siri hakuna, ila kiungo usichokijua kipo, tutakifikia. Shida yako kubwa hata hivyo haipo kwenye viungo, ipo kwenye maji. Unaweka maji mapema mno, alafu mengi mno. Si unajua tofauti ya maharage ya chukuchuku na maharage ya kuunga? Maharage ni yale yale, chumvi ile ile, lakini moja unamlisha mgonjwa na lingine unamkaribishia mgeni. Sasa wewe mara zote nne umepika chukuchuku, tofauti ni kwamba umeitia bizari.

Na kuna jambo la pili ambalo nadhani hata hujalishtukia. Chakula unachokikumbuka na chakula unachokipika ni vitu viwili tofauti kabisa. Umesema vimbegu vyeusi, kautamu, manjano iliyokoza, vichapati vyembamba. Mimi nikisikia hivyo tu najua huyo mama alikuwa Mgujarati, yaani asili yao ni Gujarat, magharibi mwa India, na vile vichapati vinaitwa rotli. Vimbegu ni haradali. Kautamu ni sukari guru, Wagujarati wengi hawaoni vibaya kuitia kwenye mboga na kwenye dali. Na mboga yenyewe wao wanaiita shaak. Sasa shika hapa: shaak nyingi za nyumbani hazina kitunguu hata kipande. Zipo familia za Kihindu za madhehebu ya Swaminarayan ambazo hazigusi kitunguu maji wala kitunguu saumu kwa sababu za dini, na Wajaini, hao ni wa dini nyingine ya huko huko India, walioshika dini vizuri hawali chochote kinachong'olewa ardhini, hata kiazi. Kwa kuwa wewe ulikula viazi basi tajiri wako hakuwa Mjaini wa kushika sana, ila kitunguu sina uhakika kama ulikiona kwenye ile hotpoti. Jaribu kukumbuka. Mi naweka dau hukukiona.

Hicho unachojaribu kupika wewe, kitunguu na nyanya na mtindi, ni mapishi ya upande wa Punjab, kaskazini kule, ndo yale ya mahotelini ya rojo zito. Ni matamu, sisemi mabaya, lakini hata ungeyapika kwa ustadi gani usingeipata ile mboga ya Kisutu. Ni sawa na mtu anakumbuka mtori wa Kilimanjaro halafu anajifunza supu ya makongoro.

Na ile bizari ya mchuzi ya paketi, nayo ni mgeni kwenye jiko la Mgujarati. Ule mchanganyiko ni wazo la Waingereza waliotoka India wakataka ladha ya kule iwekwe kwenye kopo moja wakaitumie kwao, London walikuwa wanaiuza kwenye miaka ya 1780 tayari. Sisemi uitupe, pwani tumeifanya yetu na mchuzi wa samaki bila hiyo naona umepungukiwa. Ila mke wa tajiri wako jikoni ana kisahani cha bati cha mviringo chenye vikopo kama saba ndani, kila kiungo kwa chake, anachota kidogo hapa kidogo pale kulingana na mboga ya siku hiyo. Ukitumia paketi moja kwa kila kitu basi kila kitu kitakuwa na ladha ya paketi.

Haya, sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, kwanini bizari yako inanukia mbichi. Harufu na ladha ya viungo hivi karibu yote ipo kwenye mafuta yake, na mafuta hayo yanatoka vizuri yakikutana na mafuta mengine yenye moto. Ndani ya maji yanatoka kwa shida sana. Manjano ndo mfano rahisi: chukua unga kidogo koroga kwenye glasi ya maji, utaona unazama chini na maji yanabaki na rangi ya mashaka mashaka, lakini utie kwenye mafuta ya moto uone yanavyogeuka dhahabu hapo hapo. Alafu kuna suala la joto. Maji yakishachemka hayapandi tena, yanaishia nyuzi 100, na huko kwenu Mbeya kwa sababu mpo juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 94 hivi. Mafuta yanafika 160, 180 bila wasiwasi. Kile kinachofanya kitu kinukie "kimekaangwa", kile kinachofanya kitunguu kiwe kahawia na kitamu, kinaanza kushika kasi kuanzia kama 140 kwenda juu. Kwaiyo ukishamwaga maji umeifungia sufuria kwenye 94, hata uchochee moto kama wa tanuri. Bizari uliyotia baada ya hapo imechemka tu. Ndo maana unaisikia mbichi, kwa sababu ni mbichi kweli.

Uchungu nao una sababu yake, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa, maana uchungu unaweza kutokana na kuunguza na unaweza kutokana na kuzidisha. Kwako wewe bizari haijaungua, isingewezekana, imeogelea tu. Ni wingi. Vijiko vitatu vya chakula kwa sufuria ya watu wanne ni vingi mno, na ndani ya paketi kuna manjano mengi na mara nyingi kuna uwatu, vyote viwili vikizidi vinaacha uchungu nyuma ya ulimi. Watu wakikosa ladha wanaongeza unga, uchungu unazidi, wanaongeza pilipili ili wauzibe, na pilipili ndo inakutesa usiku. Umeona mnyororo ulivyo? Kila kosa linaita lingine. Ila siku ukianza kukaanga bizari kwenye mafuta ujue na upande wa pili: unga wa viungo unaungua haraka sana, nusu dakika mpaka dakika moja basi, ukiona unaanza kuwa kahawia ya giza na moshi unakuwasha pua, zima, mwaga, osha karai anza upya. Usijidanganye eti nyanya itafunika. Haifuniki. Nimewahi kutia kwenye shughuli ya watu mia mbili mafuta yaliyounguza uwatu nikijiambia nani atajua, na walijua wote, bibi mmoja alinifuata mpaka nyuma ya turubai kuniambia.

Viazi vigumu. Hili swali napenda sana kuulizwa kwa sababu jibu lake linamshangaza kila mtu. Ni nyanya! Kinachoshikilia kiazi kiwe kigumu ni kama gundi iliyopo kati ya chembe zake, na gundi hiyo inayeyuka kwa moto, lakini kwenye uchachu inagoma kuyeyuka. Nyanya ni chachu, mtindi ni mchachu, ukwaju ndo usiseme. Ukitia nyanya nne kwanza halafu viazi vibichi, unaweza kuchemsha saa nzima na kiazi bado kinakuangalia. Bibi zetu wanaotia magadi kwenye maharage wanafanya kinyume chake, magadi yanaua uchachu ndo maana maharage yanalainika upesi. Kwaiyo sheria ni nyepesi: kiazi kwanza kiive, uchachu baadae. Na koliflawa haihitaji muda wa kiazi, inataka kama dakika nane mpaka kumi, njegere mbichi tano zinatosha, karoti ipo katikati. Ukizitia zote pamoja lazima moja iteseke. Na kule juu Mbeya kwa sababu maji yenu yanachemka kwa joto dogo viazi vinachelewa kidogo kuliko Dar, usiwe na haraka.

Mtindi kukatika ni hivi. Protini za maziwa ndani ya mtindi tayari zimeshashikana kwa sababu ya uchachu, ndo maana umeganda. Ukizipeleka ghafla kwenye moto mkali zinakazana kama ngumi, zinakamua maji yake nje, unaona mabonge na majimaji. Dawa yake Wagujarati wanaijua kupitia mchuzi wao wa mtindi unaoitwa kadhi: unaupiga mtindi na unga wa dengu, huu huu wa bajia, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe, mpaka usiwe na donge, ule wanga unakaa katikati ya protini unazizuia zisikumbatiane. Unatia mtindi usio wa baridi, moto mdogo, unakoroga bila kuacha mpaka uanze kuchemka taratibu. Ni ile ile akili ya tui, bibi alivyokuambia usiache mwiko tui lisikatike. Lakini kwa mboga uliyoniuliza wewe mtindi wa nini? Hauhitajiki. Ule kwa pembeni, wa baridi, ndo wanavyokula wenyewe.

Sasa nikuelekeze kupika ile ya Kisutu. Kwa watu wanne. Viungo utakavyokosa Mbeya agiza Dar viletwe na basi, mtu wako apite maduka ya viungo Kisutu hapo hapo ulipokuwa unafanya kazi au Kariakoo: haradali nyeusi ya punje, bizari nyembamba ya punje, manjano, unga unaoitwa dhana jiru ambao ni giligilani na bizari nyembamba zimesagwa pamoja, majani ya mchuzi mabichi kama yapo, na hing. Hii hing ndo kile kiungo usichokijua. Ni utomvu wa mzizi wa mmea unaoota nchi za Iran na Afghanistan, ukinusa kwenye kopo utadhani kuna kitu kimeoza, ila ukigusa mafuta ya moto harufu inageuka kuwa kama ya kitunguu na saumu vilivyokaangwa vizuri. Umeelewa sasa? Wasiokula kitunguu wanapata harufu ya kitunguu hapo. Na wala si ngeni kwetu, wazee wa pwani wanaiita mvuje, wanaitumia kama dawa na kufukuzia mashetani, nadhani shetani yeyote mwenye pua atakimbia. Tahadhari moja, ile ya unga mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano, kama kuna mtu hapo kwako hatakiwi kula ngano asome kopo.

Kata viazi vitatu vya wastani vipande vidogo vya kama sentimita mbili, vyote vilingane, koliflawa nusu uichambue vipande vikubwa kuliko viazi, njegere kikombe. Kila kitu kiwe tayari kimekaa mezani kabla hujawasha moto, maana ukianza hakuna muda wa kutafuta kopo la manjano. Weka karai zito, kama una sufuria ile nyepesi ya aluminiamu basi kuwa makini sana, chini inashika moto sehemu moja na viungo vinaungua hapo kabla pengine hapajapata joto. Mafuta vijiko vinne vya chakula, usinibanie hapo. Yakipata moto tia punje mbili za haradali, zikipasuka ndo yapo tayari, tia kijiko cha chai kizima cha haradali ufunike, utazisikia zinalia kama mvua kwenye bati. Zikianza kutulia tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba, ihesabu mpaka kumi, ibadilike rangi kidogo tu, alafu hing robo kijiko cha chai na majani ya mchuzi nane kumi, ujitenge maana yana maji yataruka. Hii hatua yote haifiki dakika moja na nusu. Wagujarati wanaiita vaghar. Ukiangalia ni kuunga, sema wao kwa mboga hii wanaunga mwanzoni, sisi maharage tunayaunga mwishoni, na dali yao nayo wanaiunga mwishoni kama sisi.

Hapo hapo viazi ndani, manjano nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko cha chai, geuza mpaka kila kipande kimepakwa mafuta. Maji bado! Kaanga dakika tatu nne. Halafu punguza moto, funika na sahani ya bati au mfuniko uliobonyea kwa juu, na juu ya huo mfuniko mimina maji kikombe. Ndiyo, juu ya mfuniko. Mama niliyejifunza kwake Upanga alifanya hivi kila siku na mimi nilicheka siku ya kwanza. Ule mvuke unaotoka kwenye viazi unakutana na mfuniko wenye maji, unapoa, unadondoka tena chini, kwaiyo mboga inaiva kwa maji yake yenyewe haiungui wala haitapakai, na yale maji ya juu yakishapata moto ndo utakayotumia kama rojo, maana maji ya baridi yanakushushia joto la karai zima. Kama unatumia jiko la mkaa, moto mdogo unaupata kwa kufukia makaa na majivu, usitegemee kuinua inua karai.

Baada ya dakika kumi hivi choma kiazi kwa kisu, kikiingia kwa kubisha kidogo, tia koliflawa na njegere, dhana jiru vijiko viwili vya chai, pilipili ya unga nusu kijiko cha chai, geuza dakika moja vipate mafuta, sasa mimina yale maji ya moto, kikombe kimoja kwa rojo, nusu kwa mboga kavu ya kulia na chapati. Funika dakika nane. Viazi vikishalainika kabisa ndo unatia nyanya mbili zilizokatwa ndogo na sukari guru kipande kama ncha ya dole gumba, ukikosa sukari ya kawaida kijiko kimoja cha chai. Dakika tano za mwisho bila mfuniko. Zima, kamulia ndimu nusu, kotmiri juu, acha itulie dakika kumi kabla ya kula. Watu wanadharau hizo dakika kumi, ila kiazi kikipoa kidogo kinanyonya rojo na rojo linashikana. Ponda vipande viwili vitatu vya kiazi kwenye ukingo wa karai uvikoroge, hiyo ndo dawa ya mchuzi mwepesi, usitie unga wa ngano tafadhali.

Karoti niliiacha makusudi. Kuna utamu wa sukari guru tayari.

Kama bado roho inataka ile ya rojo zito la hotelini, sawa, ila kubali muda. Kitunguu ni karibu asilimia 89 maji, na mpaka maji hayo yaondoke hakiwezi kuwa kahawia. Dakika tano ulizoniambia kilikuwa ndo kwanza kinatoka jasho. Vitunguu vitatu vya kukatwa vidogo kwenye mafuta vijiko vitano, na chumvi kidogo ili kitoe maji mapema, vinataka dakika 15 mpaka 20, unakoroga, kikishika chini unadondoshea maji kijiko kimoja, ndiyo maji hayo yanaruhusiwa kwa sababu ni kidogo yanakauka papo hapo. Kikiwa rangi ya karanga zilizokaangwa tia tangawizi na saumu vilivyotwangwa, kaanga mpaka ile harufu kali ya kuchoma pua iondoke, tia viungo vya unga nusu dakika, alafu nyanya tatu zilizosagwa. Nyanya nayo ni maji asilimia 94 au 95. Kaanga, endelea kukaanga, itaruka ruka kama uji, usikate tamaa, kuna wakati utaona ile masala imekuwa nzito inateleza kwenye mwiko na mafuta yanajitenga pembeni yanang'aa. Hiyo ndo alama. Mafuta yakijitenga maana yake maji yameisha na joto limeanza kupanda juu ya lile la kuchemka, kwaiyo viungo vimeiva kweli. Ukimwaga maji dakika moja kabla ya hapo umerudi kwenye chukuchuku yako. Viazi kwa mapishi haya vichemshe pembeni kwanza au vikaange, kwa ile sababu ya uchachu, koliflawa ikaange ipate madoadoa ya kahawia, halafu ndo uviingize. Mtindi robo kikombe tu, ule wenye unga wa dengu. Garam masala, ule mchanganyiko wa viungo vya manukato kama mdalasini, iliki na karafuu, nusu kijiko cha chai unanyunyizia mwisho kabisa kwa sababu harufu zake ni za kuruka, ukiipika sana inabaki moto bila manukato.

Ipi kati ya hizo? Kwa mtu anayeishi peke yake, ametoka kazini amechoka, mi nakushauri shaak. Nusu saa na dakika kumi umeshakula, na ndo uliyoikumbuka. Rojo la kitunguu lipikie Jumapili, pika nyingi ile masala peke yake bila mboga, gawanya, weka kwenye friza, wiki nzima unachota. Njia ya tatu ni tui la nazi na ile bizari yako ya paketi kijiko kimoja cha chakula, umekaanga kwenye mafuta na kitunguu kwanza, hapo unapata mchuzi wa pwani mzuri tu, sema usiniite kula ukaniambia ni wa Kigujarati.

Kuhusu kununua viungo, vya punje vinadumu zaidi ya mwaka, vya unga baada ya miezi sita hivi vimebaki rangi. Ukinusa ukaona lazima uingize pua ndani ya kopo ndo usikie kitu, tupa. Manjano kama unaweza nunua ya vipande usage mwenyewe. Bangladesh mwaka 2019 watafiti walionyesha kuna wasindikaji waliokuwa wanapaka manjano rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, ili ing'ae, na risasi haionjeki. Na usiniambie pilipili ndo asili ya Uhindi, pilipili, nyanya na viazi vyote vimetoka bara la Amerika, vikafika kule na Wareno, hao hao ambao mwaka 1498 walipita Malindi wakapewa rubani wa kuwavusha kwenda India. Kabla ya hapo Mhindi ukali aliupata kwenye pilipili manga na tangawizi. Nakuambia haya ili usiogope kupunguza.

Ndo tufike kwenye tumbo lako. Mimi ni mpishi, si daktari, nisikilize hivyo hivyo. Vidonda vya tumbo havisababishwi na pilipili, kisababishi kikubwa ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, madaktari wawili wa Australia, Marshall na Warren, walipewa Nobeli mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha kazi yake, na cha pili ni kumeza hovyo dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Lakini pilipili inaweza kuwasha kidonda kilichopo na inaweza kukuletea kiungulia, sawa na mafuta mengi, nyanya nyingi, na kula saa nne usiku ukalala saa nne na robo. Shaak niliyokupa ina nyanya mbili tu na pilipili unaweza kuitoa kabisa, haipotezi kitu. Kula mapema, angalia wiki mbili. Kiungulia kikiendelea zaidi ya mara mbili kwa wiki, nenda hospitali wakupime, usinunue dawa dukani miezi na miezi. Na ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu, chakula kinakwama kooni au unapungua bila sababu, usisubiri kesho, na wala usimpigie mpishi.

Kuna msaada mwingine wa ana kwa ana ambao naona umeusahau. Huyo mke wa tajiri bado yupo, si ndiyo? Mpigie. Miaka mitatu alikulisha, hawezi kukasirika ukimuuliza, mi sijaona bado mama wa Kigujarati aliyekasirika kwa kusifiwa mboga yake. Ukipita Dar muombe usimame mlangoni mwa jiko umuangalie mara moja tu akifanya vaghar. Mlangoni nasema, kwa sababu nyumba nyingine jiko lao ni la dini, usiingie na viatu wala na mfuko wenye nyama, uliza kwanza. Kuna kitu siwezi kukuandikia hapa, ile sauti ya haradali inapoanza kupungua na harufu ya hing inapogeuka, ukiisikia mara moja mwili unakumbuka.

Na hing ikifika na basi, ihamishie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, alafu hiyo chupa iweke ndani ya kopo lingine. Mi niliiacha kwenye kimfuko chake usiku mmoja tu kabatini, wiki nzima chai ilinuka hing.